Saa Zilizobaki Kwenye Mashine

Hospitali yetu ilipoahidiwa mashine nne za kusafisha damu, mimi ndiye niliyetumwa Ulaya kujifunza kuzitengeneza. Nilikuwa fundi pekee. Hospitali ni ya misheni, upande wa Misungwi, na kila kitu chenye waya ndani yake kimepita mikononi mwangu: mashine za oksijeni, taa za chumba cha upasuaji, friji za chanjo, mizani ya watoto wachanga, hata jiko la umeme la masista linapogoma. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Mke wangu alininunulia koti la mtumba, zito, la sufu, na nilipofika huko nikaona kwenye lebo ya kola kwamba lilishonwa katika nchi ileile. Nilikuwa nimelirudisha kwao.

Mwenyeji wangu alikuwa fundi wa vifaa tiba kama mimi. Tulipoanza kuzungumza tuligundua tuliingia kazini mwaka mmoja. Kiingereza chake kilikuwa cha kujifunza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri, kila mmoja akimsubiri mwenzake atafute neno. Bisibisi yake ndogo aliiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, mahali ninapoiweka mimi. Akifungua mashine hupanga skrubu kwa mstari, kwa jinsi zilivyotoka. Mimi pia. Siku ya pili tu nilishajua kwamba sina cha kumwonea aibu kwa upande wa kazi, na yeye alilijua hilo, kwa sababu aliacha kunieleza mambo ya msingi akaanza kuniuliza maoni yangu.

Alinishusha kwenye ghala chini ya jengo. Mashine zilipangwa huko kwa safu, zimefunikwa nailoni, nyingi kuliko vitanda vya wodi yetu ya wanaume.

"Zimeharibika nini?" nikamuuliza.

"Hazijaharibika. Zimefikisha saa zake."

Akanieleza kwamba kila mashine ina kumbukumbu ya saa ilizofanya kazi, na zikifika idadi fulani, hospitali inaleta mpya. Ndivyo utaratibu ulivyo. Niliomba niiwashe moja. Ikanguruma taratibu, ikajipima yenyewe, ikawasha taa ya kijani. Nilisimama pale nikiisikiliza pampu yake. Sijui kama nilionyesha chochote usoni. Mwenzangu aliniwekea mkono begani akasema, "Nne kati ya hizi ni zenu," kwa sauti ya mtu anayetamani angesema nyingi zaidi.

Baba yake alikuwa mmoja wa wagonjwa pale. Mzee wa miaka themanini na kitu, figo zimekwisha. Mara tatu kwa wiki gari lilimfuata mlangoni kwake, likamrudisha baada ya saa nne za kulala kwenye kiti cha kunyooka, na blanketi, na kahawa. Nilikaa naye siku kadhaa nikijifunza namna ya kusoma namba kwenye kioo. Alipenda kulalamika. Dereva amechelewa, mkate umekauka, mgonjwa wa kiti cha jirani anakoroma. Siku moja akaniuliza, "Kwenu mtu kama mimi mnamfanyaje?"

"Wengi hatuwafanyi kitu," nikajibu.

Akamtazama mwanawe amtafsirie, akidhani Kiingereza changu kimekosea. Mwanawe alisema neno moja tu kwa lugha yao. Siku ile mzee hakulalamika juu ya mkate.

Jioni ya mwisho mke wa mwenzangu alinipikia samaki ili nijisikie nyumbani. Alinionyesha pakiti. Ilikuwa minofu ya sangara wa ziwa letu, myeupe, haina mwiba hata mmoja. Nimezaliwa Bujora, nimekulia mwendo mfupi tu kutoka majini, na kwetu siku zote tumekula mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki viwandani baada ya mnofu kuondoka. Ule mnofu wenyewe nilikuwa sijawahi kuuweka mdomoni. Nikala, nikamshukuru. Ulikuwa mtamu.

Mashine zilifika kwa kontena baada ya miezi mitano, mitatu kati ya hiyo zikiwa bandarini. Kuzifunga kulinichukua miezi miwili zaidi, kwa sababu ya maji. Kule mwenzangu alifungua bomba, maji yakaingia kwenye mtambo wa kuchuja, basi. Kwetu maji yalikuja na mchanga, na majani, na siku nyingine hayakuja kabisa. Nilijenga matangi mawili, nikatengeneza vichujio vya changarawe kabla ya mtambo wenyewe, nikafunga betri za kuzikinga mashine umeme unapokatika. Nilijivunia kazi ile. Daktari wetu mkuu, ambaye ni sista, aliingia siku ya kwanza tulipomlaza mgonjwa, akaangalia damu ikizunguka kwenye mirija, akafanya ishara ya msalaba.

Mdogo wangu wa kike alikuwa mgonjwa wa saba.

Ananifuata mimi kuzaliwa, tumeachana miaka mitano. Alikuwa akinunua dagaa mwaloni Igombe, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akiwaanika mwenyewe juu ya nyavu kwa sababu hapendi wenye mchanga, na kuwauza mjini. Presha ilimwanza kwenye uzazi wa tatu na haikuondoka. Alivimba miguu, akadhani ni kusimama sana. Alivimba uso, akadhani ni usingizi. Alipokuja kwangu alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na vipimo vilionyesha figo zote mbili hazifanyi kazi. Nilitaka kumpa yangu moja. Walinipima wakanikataa; kumbe na mimi nina presha, sikujua. Mama yetu alikuwa mzee mno. Wengine hatuna.

Lakini mashine zilikuwepo. Mara mbili kwa wiki alikuja, akalala kitanda cha dirishani, na mimi nikipita na kazi zangu nikimwona anachati na wateja wake. Hospitali ilimtoza kidogo, kama ilivyowatoza wote. Uvimbe uliisha. Akarudi Igombe. Wagonjwa walifika kumi na mmoja, wakafahamiana, wakawa wanapigiana simu mmoja akichelewa. Siku moja aliniletea furushi la dagaa akasema, "Kaka, hawa ni wa fundi, si wa ndugu." Nikacheka. Ule mwaka ulikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyofuata. Tulijua wakati uleule kwamba ni mzuri.

Siku mashine ya kwanza ilipofikisha saa za matengenezo zilizopangwa na kiwanda, haikuharibika. Ilijifunga. Kioo kiliandika kwamba matengenezo yanahitajika na kikaomba namba ya siri ya fundi. Nilifanya matengenezo yote, nikabadilisha kila mpira na kila kichujio, lakini bila namba haikukubali kuendelea. Namba hutolewa na kiwanda kwa mafundi waliolipiwa ada ya mwaka. Nilimpigia mwenzangu. Alinipa yake bila kufikiri, nikaiandika kwenye kiganja, nikaiingiza, taa ikawa ya kijani.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea karibu mwaka mwingine. Mashine ikijifunga, naifungua kwa namba ya rafiki yangu.

Kisha namba ikakataa. Nikampigia kwa video. Alikuwa karakana, nyuma yake naiona ile meza tuliyokuwa tukifanyia kazi.

"Wamebadilisha," akasema. "Sasa kila fundi ana ufunguo wake, na kiwanda kinaona umefungua mashine gani na iko wapi. Nikikupa wangu, watajua siku hiyohiyo."

"Wakijua watakufanya nini?"

"Nitapoteza kazi."

Nilimwona anajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Angeweza kuniambia hana. Hakunidanganya, na mimi sikumwomba tena, kwa sababu ningekuwa yeye nisingempa mtu yeyote.

Niliandikia kiwanda. Walinijibu kwa adabu kubwa. Walinishukuru kwa kuwaamini, wakanieleza kwamba aina ile ya mashine haihudumiwi tena, wakanishauri tununue mpya, wakaniunganisha na wakala wao anayeshughulikia nchi zetu. Wakala alituma bei ya mkataba wa mwaka mmoja kwa mashine zetu nne. Sista alisoma karatasi ile akiwa amesimama, kisha akakaa. Ilizidi fedha zote tulizokuwa tunanunulia dawa, za hospitali nzima. Aliomba punguzo. Wakala alijibu kwamba bei ni moja kwa wote, hawabagui.

Neno hilo lilinikaa. Niliwaza bei moja kwa wote, kwa yule mzee anayefuatwa na gari na kwa dada yangu mwenye nyavu za dagaa. Walikuwa wanasema kweli. Hakuna mtu aliyetufanyia ubaya. Nimetafuta mara nyingi mtu wa kumkasirikia katika habari hii na sijampata, na labda hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Mashine ya kwanza ikabaki imejifunga, ya pili ikafuata baada ya wiki tatu. Wagonjwa kumi na mmoja wakagawana mbili, kisha moja. Mara mbili kwa wiki ikawa mara moja. Mzee mmoja mzaliwa wa Kagera, mwalimu mstaafu ambaye bima yake ilikuwa na utata, aliacha kuja, na wenzake wakapiga simu ikapokelewa na mwanawe.

Nikaamua kuzifungua. Kumbukumbu ya saa imo kwenye bodi moja ndogo, nyuma. Nilidhani nikiondoa betri yake itasahau. Ya kwanza ilisahau kweli; ilisahau kila kitu, na haijawaka tena hadi leo. Ya pili niliichomea waya mahali nilipodhani ndipo, ikatoa moshi kidogo. Mashine mbili ambazo hazikuwa na ubovu wowote niliziua mimi, kwa bisibisi yangu, nikiwa na akili timamu. Nilimweleza Sista. Akasema, "Fundi, pumzika leo." Sikupumzika.

Ya tatu ilikubali. Baada ya siku tisa iliwaka, ikaruka lile swali la namba, ikaanza kuzungusha. Lakini kulikuwa na jambo. Kifaa kinachohisi hewa kwenye damu, kile kinachosimamisha pampu kabla povu halijafika moyoni, kilikuwa kinapitia bodi ileile niliyoichokonoa. Niliijaribu kwa ndoo ya maji ya chumvi. Niliingiza povu makusudi, mashine ikasimama. Nikaingiza tena, ikasimama. Mara ya ishirini na kitu haikusimama. Nikaingiza tena, ikasimama. Kutoka hapo ilisimama kila mara, siku mbili mfululizo.

Sista alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho. "Siwezi kumlaza mtu hapo," akasema.

"Imekosea mara moja tu, Sista. Inawezekana niliingiza povu vibaya."

"Inawezekana. Wewe ungemlaza nani?"

Wiki hiyo mashine ya nne, ya mwisho, nayo ikajifunga.

Mdogo wangu alikuja Butimba nyumbani kwangu. Alikuwa ameanza kuvimba tena, viatu amevikanyaga visigino. Mke wangu alimpa kiti, akaenda jikoni kutuachia nafasi.

"Nimesikia kuna moja umeiamsha," akasema.

"Haijawa tayari."

"Inakosa nini?"

Nikamweleza. Sikumficha kitu, alikuwa mtu mzima na mfanyabiashara. Akauliza maswali ya maana: mara ngapi ilikosea, kati ya mara ngapi. Kisha akasema, "Kaka, nilaze hapo. Mimi nimekubali. Naandika hata kwa mkono wangu."

"Sista amekataa."

"Sista hatakuwepo Jumapili. Yupo kanisani. Wewe ndiye fundi."

"Ikiingiza hewa unakufa mbele yangu."

"Na isipoingiza?"

Nilimwambia hapana. Nilisema hapana mara tatu, na ya tatu nilipaza sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia tangu utoto. Hakukasirika. Aliniuliza kama mke wangu bado anapika ule uji wa ulezi, akanywa kikombe kizima ingawa alikuwa amekatazwa vimiminika vingi. Nilimwona akinywa na sikumzuia.

Mashine zipo mjini, tena nzuri, kwenye hospitali kubwa. Wenye bima nzuri hufika pale. Wasio nayo nao hufika, kwa kadiri walivyo na kitu cha kuuza. Sisi tulikuwa na ng'ombe wa marehemu baba huko Bujora. Mama aliwatoa mmoja mmoja bila kuitisha kikao. Kila ng'ombe alimnunulia binti yake siku chache. Nilikuwa nikienda kumsalimu, "Shikamoo mama," naye akiitikia marahaba huku anaangalia zizi, na kila safari zizi lilikuwa pana zaidi. Rafiki yangu wa Ulaya naye alituma fedha, mara mbili, zake mwenyewe, na akaomba radhi kwamba ni kidogo. Zilimlaza mdogo wangu kwenye mashine mara sita. Rafiki huyo aliniambia baadaye kwamba ni zile alizokuwa ameweka kwa ajili ya baiskeli. Hakusema kwa kujisifu. Nilikuwa nimemuuliza.

Walipobaki dume mmoja na mtamba mwenye mimba, mdogo wangu alimwambia mama asiuze tena. Walibishana siku nzima. Mama aliniita nikaamue.

"Nina watoto watatu," mdogo wangu akasema. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, anapumzika kila baada ya maneno machache. "Huyo mtamba akizaa, wana maziwa. Mkimuuza mimi nina wiki mbili. Halafu? Niambie kaka, halafu nini?"

Kazi yangu yote nimeambiwa mimi ni mtu wa kupata ufumbuzi. Nilikaa chini pale kwenye mkeka nikamshika mguu, ngozi yake ikabonyea na alama ya kidole changu ikabaki, na mama akatoka nje.

Hakwenda tena mjini. Alichukua siku kumi na moja. Mwishoni hakutufahamu, alikuwa akizungumza bei za dagaa na watu wasiokuwepo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Tulimzika Bujora, na wale wagonjwa wenzake waliobaki walikuja, wanne, mmoja akiwa amebebwa kwenye bodaboda kwa kushikiliwa mgongo. Hakuna aliyeniuliza habari za mashine. Walinipa pole na wakakaa kivulini na mirija yao ya mkononi imefunikwa mikono mirefu ya mashati, na wote tulijua ni nini kinawasubiri.

Baada ya arobaini niliingia kwenye chumba cha mashine. Niliiwasha ile ya tatu, nikaweka ndoo ya maji ya chumvi, nikaiacha izunguke tangu asubuhi. Niliingiza povu kila baada ya dakika chache, na nikaandika. Ilisimama kila mara. Kesho yake nikarudia. Ikasimama kila mara. Kwa wiki nzima haikukosea hata mara moja, na mimi bado sijui kama lile kosa moja lilikuwa lake au lilikuwa la mkono wangu. Nilimtumia mwenzangu namba zote na video. Alikaa nazo siku tatu kabla ya kupiga simu. Nilitaka aniambie kwamba nilifanya sawa. Au aniambie nilikosea, hata hilo ningelipokea.

"Sijui," akasema. "Nimeangalia sana. Mimi pia sijui."

Sista aliamuru chumba kitumike kuhifadhi magodoro. Nilizisogeza mashine ukutani mwenyewe.

Miezi kadhaa baadaye mwenzangu alipiga tena, siku ya kazi, saa ya asubuhi ambayo si kawaida yake. Baba yake alikuwa amefariki. Alikuwa amefika miaka themanini na tisa. Hakufa kwa kukosa mashine. Alikuwa amewaambia madaktari kwamba amechoka na safari za mara tatu kwa wiki, kwamba inatosha, nao wakamsikiliza, wakamwacha alale nyumbani kwake. Nilimpa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, maana nilimpenda yule mzee na malalamiko yake. Alilia kidogo. Nilimsubiri, kama tulivyokuwa tukisubiriana kutafuta neno.

"Mwisho alikuwa tayari," akasema. "Alishachoka kabisa. Nadhani ilimsaidia. Dada yako naye, mwishoni, alikuwa amechoka?"

"Hapana," nikamwambia. "Yeye hakuwa amechoka."